Fundi Alijuaje? Jiometri ya Mtaani na Darasa la Sita

Kila mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi anaijua kazi hii ya nyumbani: "Taja vitu vitano nyumbani kwenu vyenye umbo la mstatili." Kesho yake madaftari yanarudi yamejaa mlango, dirisha, meza, kitanda, daftari. Yote sahihi, unatia vema, na hakuna hata mtoto mmoja aliyelazimika kufikiri. Mwanafunzi wa darasa la sita amejua kuwa mlango ni mstatili tangu akiwa mdogo. Ukimwambia autaje tena unampa imla, hujamfundisha jiometri.

Nafundisha Tanga mjini, madarasa ya juu ya msingi, watoto wa miaka 11 hadi 14. Katika miaka ya kuwatoa nje ya darasa nimekuja kuamini jambo moja: umbo likishatulia ukutani halina la kumwambia mtoto. Linaanza kusema pale unapouliza aliyelitengeneza alijuaje kulipata, na kingetokea nini kama lingekuwa umbo lingine. Mlango ni mstatili, haya. Seremala alijuaje kwamba kona zake zimekaa nyuzi 90? Na zisipokaa, nani atagundua kwanza? Darasani kwangu jibu lilitolewa na mtoto wa seremala: atakayeufunga msimu wa mvua, mbao zikiwa zimevimba.

Mji wetu wenyewe unasaidia. Ukisimama Ngamiani, barabara zake zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, zimelala sambamba, na nyingine zinazikata. Mtoto anayetumwa dukani barabara ya 12 ameshatembea kwenye mchoro ule ule wa mistari sambamba ulioko kwenye kitabu chake, ila hajaambiwa. Hilo ni rahisi, somo moja linatosha. Kazi kubwa iko kwa mafundi.

Karibu na shule palianza kujengwa nyumba. Nilitangulia peke yangu kumwomba fundi mkuu ruhusa. Alikuwa mzee wa makamo, mkimya, kofia ya kitambaa imepauka kwa jua. Akasema, "Waje, mwalimu, ila wasinisogezee kamba." Nikapeleka nusu ya darasa, nusu nyingine ikabaki na mwenzangu. Wakapanga mstari pembeni ya msingi, shikamoo fundi ikasikika hadi barabarani.

Kazi ya siku ile ilikuwa kuweka kona ya kwanza. Vigingi vilikuwa vimepigwa, kila kimoja na msumari juu yake, na kamba moja imevutwa kufuata barabara. Kamba ya pili ilifungwa kwenye msumari wa kona, ncha yake ya mbali ikashikwa na kibarua. Fundi akachukua futi, akapima meta 3 kwenye kamba ya kwanza kuanzia kwenye msumari, akatia alama kwa kalamu. Kwenye kamba ya pili akapima meta 4, alama nyingine. Halafu akamkabidhi kijana wake ncha ya futi aishike kwenye alama ya meta 3, yeye akaivuta hadi kwenye alama ya meta 4. Haikufika 5. Akamwambia kibarua, "Fungua kidogo." Kamba ikasogea upana wa vidole viwili. "Rudi. Rudi tena. Hapo hapo, funga." Futi ilisoma meta 5 kamili. Kona imekaa skweya, yaani nyuzi 90, na hakuna aliyeshika kipimapembe.

Watoto wakanyamaza, kisha msichana mmoja, ambaye darasani huwa hainui mkono, akauliza: "Fundi, kwa nini isiwe mbili, tatu, nne?"

Fundi alicheka. "Jaribu uone nyumba itakavyokaa."

Tulirudi shuleni tukajaribu uwanjani kwa kamba na vijiti. Pembetatu ya meta 2, 3 na 4 inajengeka vizuri, lakini kona yake imefunguka. Kipimapembe kikubwa cha ubaoni kilisoma zaidi ya nyuzi 100. Pembe butu. Chumba cha kona hiyo kitakuwa upogo, na kitanda hakitagusa kuta mbili kwa pamoja. Tukajaribu 6, 8 na 10: imekaa. Nikawapa 5, 12 na 13, wakahitaji uwanja mzima, nayo ikakaa. Ndipo nikaandika ubaoni tatu mara tatu, nne mara nne, tano mara tano, nikawaacha wazitazame. Tisa na 16 ni 25. Kisha nne na tisa ni 13, na sisi tulitumia upande wa 4, ambao ni 16. Haifiki. Kelele iliyofuata ilimleta mwalimu wa zamu mlangoni.

Hiyo ndiyo kanuni ya Pithagorasi: pembetatu ikiwa na kona ya nyuzi 90, miraba ya pande mbili fupi ukiijumlisha unapata mraba wa upande mrefu. Nimewahi kuifundisha kwa kuanzia kwenye herufi, a, b na c, na watoto wakaikariri kama ubeti. Ikija kama jibu la swali ambalo mtoto amelibeba kutoka kiwanjani, haihitaji kukaririwa. Wakishaielewa huwa nawaambia pia kwamba Wababeli waliandika namba za aina hii kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pithagorasi kuzaliwa. Wanapenda kusikia kwamba mtu amepewa sifa ya jambo lililojulikana kabla yake. Haki ni kitu wanachokifuatilia sana katika umri huo.

Fundi alikuwa na jaribio la pili, na hilo ndilo lililotupa somo zito zaidi. Kona zote nne zikishawekwa, alipima kona kwa kona, yaani ulalo mmoja, kisha wa pili. Zikilingana, msingi uko sawa. Zikipishana hata kwa sentimeta mbili, kamba zinasogezwa upya. Darasani tukaligeuza kuwa madai: pembenne yenye ulalo unaolingana ni mstatili. Ni kweli au si kweli? Wengi walisema kweli, fundi amesema. Siku ya pili kijana mmoja akaja na mchoro wa trapeza, pembenne yenye jozi moja tu ya pande sambamba, iliyolingana pande zake mbili za mshazari. Alipima ulalo wake kwa rula, sentimeta ni zile zile. Nayo si mstatili.

Tulimpelekea fundi mchoro. Aliuangalia kwa muda, akaugeuza, akasema: "Huyu ameanza mwisho. Mimi kabla ya kupima kona kwa kona nimeshapima kuta. Za mbele na nyuma zinalingana, za ubavuni zinalingana. Hapa kwako ya juu fupi, ya chini ndefu, ningeshaikataa zamani."

Sijui kama kuna kitabu kingeeleza vizuri zaidi maana ya masharti ya kanuni. Ulalo kulingana hakutoshi. Pande zinazotazamana zilingane kwanza, ndipo ulalo uamue. Na upande wa pili pia ni kweli: pande zikilingana bila kupima ulalo, unaweza kuwa na msambamba uliolala ubavu, kuta zote sahihi na chumba upogo. Fundi anavipima vyote viwili na kwa mpangilio wake, na hajawahi kuliandika popote.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika. Aliongea kwa heshima lakini amekasirika: "Mwalimu, mimi nimeshika chepe miaka yote hii ili mwanangu asilishike. Wewe unampeleka kwa mafundi?" Namwelewa. Hapa kwetu shule imeuzwa kwa miaka mingi kama njia ya kuukimbia udongo. Nilimwomba akae nyuma ya darasa kipindi kile cha trapeza. Hakusema neno lolote wakati wa kutoka, lakini wiki iliyofuata mtoto alikuja na futi ya baba yake, na hiyo futi ndiyo tunayoitumia mpaka leo.

Kuhusu kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, sitaongea sana, maana kila mwalimu anaweza kulifanya kwa dakika kumi: vipande vya boksi vilivyofungwa kwa uzi kwenye ncha. Vipande vinne vinayumba huku na huku, vitatu havitikisiki. Kisha unawatoa nje watazame paa la darasa lao, waeleze ule mshazari katikati ya mbao unafanya nini. Atakayesema ni urembo, mwulize kuhusu fremu ya baiskeli ya baba yake.

Sambusa zinataka muda mrefu zaidi, na zinalipa.

Kuna bibi anayeuza vitafunwa karibu na geti la shule. Nilimwomba aje darasani na manda zake, zile chapati nyembamba za kufungia sambusa, akaja na sinia, manda zimefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu zisikauke, bakuli la nyama iliyoiva na kikombe cha uji mzito wa ngano wa kugandishia. Manda yake ni duara. Anaikata katikati, anabaki na nusu duara mkononi. Hapo niliwaomba watoto wasitazame nyama, watazame vidole. Kidole gumba chake cha kushoto kinakaa katikati ya ule ukingo ulionyooka, pale palipokuwa kitovu cha duara. Upande wa kulia unakunjwa kuja katikati, upande wa kushoto unakunjwa juu yake na kupakwa uji. Tayari kuna mfuko, ncha yake iko chini ya kidole gumba. Unajazwa nyama, kile kipande cha mviringo kilichobaki juu kinapakwa uji na kulazwa. Kwisha. Sekunde chache.

Nikauliza: ncha ya sambusa ina nyuzi ngapi? Wakakisia 45, 50, 90. Tukaifunua moja kabla haijakaangwa. Mikunjo miwili imeigawa nusu duara sehemu tatu. Ukingo ulionyooka ni nyuzi 180. Gawa kwa tatu: 60. Tukaipima, ikawa 60, pengine 58, bibi si mashine. Na zile pande mbili zinazotoka kwenye ncha zote ni nusukipenyo, kwa hiyo zinalingana. Pembetatu yenye pande mbili zinazolingana na pembe ya nyuzi 60 katikati yake haina budi kuwa pembetatu sawa, pande zote tatu zinalingana. Manda ya kipenyo cha sentimeta 20 inatoa sambusa yenye pande za sentimeta 10. Kile kifuniko cha mviringo kinachobaki juu kinazidi kwa sentimeta moja na ushee hivi, na ndicho kinachofunga mdomo.

"Bibi," akauliza mtoto, "ukikunja vibaya inakuwaje?"

"Mwanangu, ncha ikibaki na tundu mafuta yanaingia, nyama inatoka. Nani atanunua?"

Hapo kuna swali la "ingekuwaje kama" lililojibiwa na mwenye mali. Ukikunja upande wa kwanza mwembamba, wa pili hautafika. Ukikunja mpana, mfuko unakuwa mdogo na unga unarundikana upande mmoja. Theluthi ndiyo inayofunga. Wapo watoto waliotaka kujua robo duara ingetoa nini: 90 gawa kwa tatu, nyuzi 30, sambusa nyembamba yenye ncha kali. Wakatengeneza za karatasi kuhakikisha. Bibi hakujua nyuzi ni nini na hakuonekana kuhitaji kujua. Alichofurahia ni kuitwa mwalimu kwa kipindi kizima.

Mwezi wa kumi una zawadi yake kwa sisi tunaoishi pwani. Tanga iko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo wa Machi, karibu tarehe 7, na tena karibu tarehe 5 na 6 Oktoba. Dar es Salaam huipata siku chache baadaye mwezi Oktoba, kwa sababu jua wakati huo linaelekea kusini. Siku hizo, muda mfupi baada ya saa sita mchana, fimbo iliyosimama wima haina kivuli.

Huwa tunaanza asubuhi. Karibu saa nne, fimbo ya meta 1 ina kivuli cha sentimeta 60 hivi. Mlingoti wa bendera una kivuli cha meta 4.2. Nani ataniambia urefu wa mlingoti bila kuupanda? Wanakumbuka kwamba miale ya jua inafika sambamba, hivyo pembetatu ya fimbo na pembetatu ya mlingoti zina pembe zile zile, tofauti ni ukubwa tu. 4.2 gawa kwa 0.6 ni 7. Mlingoti una meta 7. Mlinzi wa shule alithibitisha, maana ndiye aliyesaidia kuusimamisha, na alikuwa akitusubiri kwa hamu tukosee.

Kisha tunaendelea kupima kila nusu saa, kivuli kinafupika, hadi pale saa sita ikiwa imepita kidogo kinapojificha chini ya fimbo. Hapo fimbo yenyewe ni mtihani: ikiwa haijasimama wima sawasawa, kivuli kitabaki. Tunatumia timazi, jiwe na uzi, kuinyoosha. Ni siku hiyo ninapowasimulia kuhusu Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa kale aliyeishi Misri, aliyesikia kwamba jua huangaza hadi chini ya kisima kule Aswan, kusini mwa nchi hiyo, siku fulani ya mwaka, akapima kivuli Alexandria siku hiyo hiyo, akakuta pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara, akaitumia kukadiria mzingo wa dunia. Hadithi hii haiingii kichwani kwa mtoto ambaye hajawahi kuona fimbo bila kivuli. Aliyeiona anauliza maswali hadi kengele.

Tatizo la haya yote ni kurudi kwenye karatasi. Mtoto anaweza kueleza kona ya fundi kwa mikono na asijue afanye nini na swali la mtihani lenye mchoro na herufi. Hakuna ujanja, ni kazi. Baada ya kila safari nawataka wachore walichokiona bila kitu chenyewe: kona bila fundi, bila kigingi, bila matofali, mistari na vipimo tu. Halafu kila mmoja anaandika swali la mtihani kutokana na mchoro wake na kumpa jirani alijibu. Maswali yao ya kwanza huwa hayajibiki, vipimo vimekosekana, na ugomvi unaozuka kati ya aliyetunga na aliyepewa unafundisha kuliko masahihisho yangu. "Umeniambia upande mmoja tu, nitajuaje?" Mtoto akishasema hivyo, anaanza kusoma maswali ya mtihani kwa jicho lingine.

Wavulana, kwa sababu zao, walinileta kwenye mpira. Ule wa vipande vyeusi na vyeupe, uliozoeleka tangu Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, una vipande 32: pembetano 12 nyeusi na pembesita 20 nyeupe. Tulikuwa tumeshakata maumbo ya boksi na kuyapanga mezani kama vigae. Pembesita zinajaa bila nafasi, tatu kwenye kila kona, 120 mara tatu ni 360. Pembetano zinakataa: 108 mara tatu ni 324, unabaki mwanya wa nyuzi 36. Sasa kwenye mpira, kila kona hukutana pembetano moja na pembesita mbili. 108, 120, 120. Jumla 348. Zimepungua nyuzi 12.

"Kwa hiyo mpira una matundu?" akauliza mmoja.

Hauna. Nikawapa gundi ya karatasi, wakaunganisha vipande vitatu kwa nguvu, wakiuziba ule mwanya mdogo. Boksi likainuka katikati lenyewe, halikukubali tena kulala mezani. Waliendelea kubandika hadi wakapata nusu ya mpira, chafu, imejaa gundi, lakini imeviringana.

Ndipo mtoto mmoja wa Pongwe akasema nyumbani kwao kawa la kufunikia chakula linaanza bapa katikati na kuishia limesimama, je, bibi yake naye anapunguza nyuzi? Nimemwambia amuulize, na amwombe kawa moja ambalo halijamalizika. Wiki ijayo tutakata duara za boksi, kila kundi litoe kipande cha ukubwa wake, nyuzi 30, 60, 90, waunganishe kingo na kulinganisha kawa lipi limesimama zaidi.